Miguu na Mdomo

Baada ya kiharusi, kinyozi waliyemwita Redio alijifunza upya kutembea, na nyumba nzima ikajifunza kunyamaza. Akiinuka kitini, mkewe aliweka kidole mdomoni, watoto wakazima runinga, hata bomba la jikoni likafungwa. Baba anatembea. Na kweli, penye kimya alitembea vizuri. Lakini mtu akimwuliza tu, "Umelalaje?" miguu iligoma kama punda, au bega likaenda kugonga ukuta.

Hilo lilimnyima usingizi kuliko ugonjwa wenyewe. Kunyoa ni kuzunguka kiti huku unaongea. Mteja hutaka habari za mpira, za majirani, za bei ya saruji. Kinyozi bubu humtia mtu wasiwasi, hasa akishika wembe. Na mwenzake waliyefungua naye duka, bwana mmoja mrefu, mpole, alikuwa amekuja kumwambia, "Kaka, kiti chako nimekishikilia mpaka mwisho wa mwezi. Kuna kinyozi mwingine anakitaka. Sikufukuzi, ila wateja hawangoji."

Wiki hiyo akaja shemeji yake, mdogo wa mkewe, mwalimu wa mpira wa pete katika shule ya wasichana. Alibeba mkeka wa plastiki wenye miraba ya rangi nne, akauunganisha na runinga kwa waya. Kioo kikiwaka nyekundu, unakanyaga nyekundu. Kikiwaka kijani, kijani. Redio alikanyaga bila kosa. Watoto wakatazama bila kupumua.

"Mbona mmekaa kama mko matangani?" shemeji akauliza.

"Usimsemeshe, ataanguka," mkewe Redio akanong'ona.

"Basi aangukie mikononi mwangu." Akasimama nyuma yake, akamshika mkanda wa suruali. "Haya, shemeji, dada yangu ulimpendea nini?"

Redio akakanyaga njano badala ya bluu, akayumba. Mkanda ukamrudisha.

"Unaona sasa!" mkewe akasema, machozi yakimlengalenga.

"Naona, dada. Wasichana wangu nao wakikimbia tu, hawakamatiki. Siku ya mechi, huyu anaita huku, yule anamzuia kule, mpira unawaponyoka. Ndiyo maana siku hizi nawarushia mpira na swali kwa mpigo mmoja. Mwanzoni walinichukia."

Redio alimtazama mkewe. Kile kimya chote kilikuwa upendo mtupu, hakuona la kumlaumu. Akarudi kwenye mkeka.

Shemeji akawa anapita kila akitoka shuleni. Walianza na maswali ya neno moja, yeye kashika mkanda. Kisha hesabu ndogo, kisha majina ya wateja wa zamani na mtindo wa kila mmoja. Redio alikosea sana, akatoka jasho, siku nyingine akaomba aachwe. Shemeji alipomaliza maswali ya adabu, akaingia kwenye utani.

"Shemeji, dada yangu alichumbiwa na wenye magari, akaangukia kwa mwenye mkasi. Jitetee!"

"Wale..." mguu ukatua kwenye kijani, "wale wote walikuwa na vipara." Nyekundu. "Ningewanyoa nini?"

Jikoni mkewe aliangua kicheko, mfuniko wa sufuria ukamponyoka, ukalia sakafuni. Redio akakanyaga bluu. Hakuyumba. Shemeji alikuwa ameuachia mkanda zamani, wala yeye hakujua.

Mwisho wa mwezi ulipofika, Redio alirudi dukani, na yule bwana mrefu akakaa mwenyewe kwenye kiti. "Ninyoe mimi."

Redio akaanza. Mzee mmoja kwenye benchi hakujizuia: "Redio, ile penalti ya jana ilikuwa halali?"

"Msimsemeshe!" bwana mrefu akasema, akikaza shingo.

"Mwache aulize," Redio akasema, akihamia upande wa pili wa kiti. "Penalti gani? Yule kajirusha kama anaogelea!"

Benchi zima likalipuka kwa ubishi. Katikati neno lilimkwama. Akainua wembe kwanza, akalingoja, likaja, akaendelea na kisogo.

Bwana mrefu alijitazama kwenye kioo, akapapasa shingo yake, akaipapasa tena. "Uanze na asubuhi tu," akasema. "Lakini kiti ni chako."

Redio akatoka nje, akampigia shemeji simu. Filimbi na kelele za wasichana zilisikika nyuma yake.

"Nimenyoa."

"Umemwachia masikio?"

"Yote mawili. Shemeji, nilitaka kukuambia..."

"Mbona unahema? Umekaa?"

"Natembea. Naenda nyumbani kumwambia dada yako."

Shemeji akasogea mbali na kelele. "Haya, sema. Nakusikiliza."

Akamshukuru. Alimshukuru kwa mkanda, kwa jeuri, kwa kila jioni aliyoiacha nyumba yake, huku Redio akivuka barabara, akikwepa madimbwi, akiwaitikia waliomsalimia njiani, na alipofika mlangoni bado hajamaliza.