Mwavuli Niliomnyooshea Mama Mkwe

Siku hizi nikimwona Athumani barabarani nageuza uso kama mwizi. Ngoja niseme mwenyewe yaliyotokea, maana mke wangu Yudith akisimulia huwa ananipunguzia, na mimi sistahili kupunguziwa.

Mama yake Yudith amebaki peke yake kule Mponde tangu mzee afariki. Presha inampanda, magoti yanamuuma, na bado anapanda mlima kuchuma chai. Tukamwomba ahamie kwetu Magamba. Chumba nimekipiga rangi kwa mikono yangu, kitanda nimenunua kipya. Akaja siku tatu kukiona, hakukubali wala hakukataa. Yudith akasema tumpeleke kwenye maporomoko ya maji, pale kwenye bustani ya wageni, si mbali na nyumbani, labda moyo utalegea.

Julai hiyo, baridi mpaka kwenye mifupa! Tulivaa masweta mawili mawili. Lakini mama alifurahi, jamani, akacheka, akataka kunawa uso kwa maji ya pale. Nikatangulia naye kwenye mawe. Yudith alibaki nyuma akimimina chai kwenye vikombe.

Mawe yana utelezi. Mguu ukamponyoka, akaninyooshea mkono: "Timotheo!"

Baba yangu alinilea hivi: mama mkwe humgusi, humkazii macho, ukikutana naye unampisha njia. Miaka kumi na moja ya ndoa sijawahi kumpa mkono, shikamoo yangu naitoa nikiwa hatua tano. Basi mimi, mpumbavu mkubwa, nikamnyooshea mwavuli. Tena ule wa kukunja! Akashika kitambaa, ukachomoka, akatumbukia mpaka kifuani. Nikabaki na mpini.

"Mshike mama! Wewe, mshike!" Yudith alipiga kelele.

Sikumshika. Nasema ukweli, nilisimama. Athumani, mkulima aliyekuwa akipita njia ya juu na gunia lake la karoti, alilitupa chini, akajitosa na viatu vyake, akamtoa mama kwa kumkumbatia kiunoni. Wala hakumuuliza kama ni mkwe wa nani.

Loo! Niliona aibu, nikatamani maji yanichukue mimi.

Jioni mama alikuwa jikoni, amejifunika blanketi, anaota moto. Nikasimama mlangoni nikamwomba radhi. Nilisema nilikuwa naogopa kumvunjia heshima. Nikasema chumba ni chake, akitaka hata kesho tukamletee vyombo vyake.

Akasogeza kuni.

"Sina kinyongo, mwanangu. Adabu unayo, tena nyingi," akasema. "Lakini kesho nirudisheni Mponde. Wapita njia hata kule wapo."

Nilitaka kuingia nikae karibu naye. Nikaitikia tu, "Ndiyo, mama," nikiwa palepale mlangoni.