Herufi Nne

Mtaka cha mvunguni hainami. Husogeza kitanda.

Ndivyo alivyokuwa akisema bibi yangu Mwaija, wala hakuwa akitafuta hekima. Kiuno kilikuwa kimemkatalia kuinama, na mbegu zake za mahindi alizificha mvunguni. Basi kila mvua zikikaribia alituita wajukuu tusogeze kitanda, mwenyewe akisimama mlangoni ameshika kiuno, akitucheka.

Nimemkumbuka leo hapa Segera, ambapo nina meza moja na viti viwili, karibu na mahali mabasi ya Tanga, Arusha na Dar es Salaam yanapopishana. Naandikia watu barua. Za posa, za kudai talaka, za kumwuliza mume aliyekwenda mkongeni kama bado yu hai. Mteja wa asubuhi alitaka barua ya kuomba radhi kwa mwajiri wake. Nikamwandikia, nikamsomea, akafuta machozi kwa pindo la shati.

"Dada, inaonekana wewe umeomba radhi mara nyingi," akasema.

Nikamwambia, hata mara moja. Akadhani natania.

Mwaka 1975 nilitoka chuoni na diploma ya uhazili ndani ya bahasha ya kaki. Nilikaa Kwamndolwa, pale Korogwe, chumba kimoja na rafiki yangu Lea, Msambaa wa Bungu aliyekuwa akiuza maplamu na peasi za kwao stesheni treni zikisimama. Waliotutangulia chuoni walipangiwa kazi kabla wino wa vyeti vyao haujakauka. Sisi tulikuta mlango umefungwa. Mafuta yalikuwa yamepanda bei, mvua zilikuwa zimekataa, ofisi haziajiri. Kila dirisha niliposimama niliambiwa neno lile lile: "Acha barua yako, utajulishwa." Miezi minane nikangoja kujulishwa.

"Uhuru na Kazi," Lea alikuwa akisema huku akipanga maplamu yake mafungu mafungu. "Uhuru umeshafika. Kazi iko njiani, labda imeharibikiwa gari Mombo."

Baba yangu, Mzee Mdoe, alikuwa amenitumia ujumbe kutoka Handeni. Vuli ikinyesha kabla sijapata kazi, nirudi nyumbani nishike jembe, maana diploma haipalilii. Baba hakuwa mkali, alisema kweli tu. Lakini mimi nilikuwa nimeshaonja mashine ya chapa, na usiku nilikuwa nikiota ile kengele yake ya mwisho wa mstari.

Mwezi wa tisa nikasikia kuna nafasi moja, ya mpiga chapa, katika ofisi moja ya Handeni. Nikatoa mvunguni viatu vyangu vya raizoni, vile vya soli nene vya kisasa. Lea akaninyang'anya.

"Ukiingia na hivi watakuita bepari. Vaa ndala zangu."

"Ndala kwenye usaili, Lea?"

"Basi nenda pekupeku. Watakupa hata uenyekiti wa kijiji!"

Tulicheka mpaka mwenye nyumba akagonga ukuta. Nimekwisha kucheka mara nyingi tangu siku ile, lakini si hivyo, si kwa tumbo lenye njaa na moyo usio na shaka. Mwishowe nilikwenda na raba zake nyeupe alizozisugua kwa chokaa, zikaniachia nyayo nyeupe mpaka ndani ya ofisi.

Tulikuwa wasichana sita. Mzee Fabiani, tarishi wa ofisi ile, alituita wawili wawili, maana mashine zilikuwa mbili. Ndani alikaa afisa, Ndugu Hiza, mwenye kaunda suti ya kijivu na miwani iliyofungwa uzi upande mmoja. Akanipa ripoti aliyoiandika kwa mkono.

"Piga chapa, nakala tatu. Pale penye makosa ya Kiswahili, sahihisha."

Nikapanga karatasi na kaboni katikati. Harufu ile ya kaboni! Nikaanza, na vidole vikanitii kama havikuwahi kukaa miezi minane bila kazi. "Wanaichi" nikawafanya wananchi kamili. "Mashamba yake" ya watu mia mbili nikayafanya mashamba yao. Nikafika aya ya pili, nikakuta: "Wakazi wa Kwamgunda walihama kwa hiari yao, wakiimba."

Kwamgunda ni kwa bibi Mwaija.

Nilikuwapo mwaka uliotangulia, niko likizo ya chuo, siku walipopelekwa kwenye vijiji vya ujamaa. Niliona lori likija na vijana wakipanda juu ya mapaa kuyabomoa. Bibi hakubishana nao. Alisema jambo moja tu, kwamba mlango wake wa mninga, alioutengeneza babu kwa mikono yake, hauachwi. Wakaung'oa, wakaupakia, naye akaukalia juu ya lori njia nzima kama mtu aliyekaa kwake. Aliyeimba siku ile ni jogoo wa Mzee Muhidini, naye alikuwa amefungwa miguu.

Vidole vikasimama. Nikasikia mwenzangu kwenye mashine ya pili akizidi kwenda, kengele yake ikilia. Kisha nikapiga: "Wakazi wa Kwamgunda walihamishwa." Nikaweka nukta. Hiari nikaiacha, na kuimba nikakuacha. Sitasema mkono uliteleza. Nilijua nilichokifanya.

Alasiri Mzee Fabiani akaniita tena, peke yangu.

"Ndugu Zamda," akasema Ndugu Hiza, "umewapita wote. Una kosa moja tu."

"Lipi, Ndugu Hiza?"

Akaweka kidole juu ya neno. "Mimi niliandika walihama."

"Uliniagiza nisahihishe makosa ya Kiswahili."

"Na hili ni kosa la Kiswahili?"

"Ndege huhama. Nyuki huhama. Mtu aliyebomolewa nyumba akapandishwa lori, Kiswahili kina neno lake."

Mlangoni Mzee Fabiani akakohoa, kikohozi cha mtu anayeficha kicheko. Ndugu Hiza hakufoka. Angefoka, ningepata nafuu. Alivua miwani, akaifuta, na bila miwani alionekana mtu aliyechoka tu.

"Binti, ripoti hii inakwenda juu. Nina watoto saba. Nakala yako moja mkubwa wangu ameshaiona, anauliza huyu ni nani. Lakini mimi nakutaka ofisini kwangu, maana tangu nianze kazi sijaona karatasi safi kama hii. Jumatatu niletee barua ya kuomba radhi. Mistari mitatu. Faili lionyeshe umejirudi, nawe ukae kwenye kiti kile."

Akanionyesha kiti. Kilikuwa na mto wa kitambaa cha maua.

Jumamosi nikaenda kwa miguu hadi kijiji kipya alikopelekwa bibi. Nyumba zilipangwa mstari kando ya barabara kama wanafunzi wa paredi. Yake niliitambua kwa mlango. Ule wa mninga ulikuwa mpana kuliko uwazi wa nyumba mpya, haukuingia, basi aliulaza nje juu ya mawe, akianikia mihogo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Mbona miguu myeupe, umekanyaga unga wa nani?"

Nikamweleza yote. Alikuwa ameanza kisomo cha watu wazima, na alikijivunia kuliko mimi diploma yangu. Akaniamuru niandike maneno yote mawili mavumbini, moja juu, moja chini. Akayafuata kwa fimbo, herufi kwa herufi, midomo ikicheza.

"La chini limezidi nne."

"Nne, bibi."

"Herufi nne ndizo zinazokunyima mshahara?" Akacheka mpaka akashika kiuno. Kisha akageuza kipande cha muhogo. "Omba radhi, mjukuu wangu. Mimi nimeshafika hapa. Ukikataa, mlango huu haurudi Kwamgunda. Ukikubali, utaniletea sukari."

Sikutegemea hayo. Nilikuwa nimetembea maili zote zile nikitaka aniambie nikatae, ili kukataa kuwe kwake. Akanirudishia mzigo wangu hivyo hivyo, nikaubeba mwenyewe.

Alipoinuka kwenda kunichotea maji, alipita juu ya maandishi yangu, na pindo la kanga yake likafagia neno la juu lote. La chini likabaki. Sijui kama alikusudia, na sikumwuliza. Amekwisha kufariki, na hilo ndilo swali ninalolijutia mara nyingi zaidi, nikikaa hapa Segera jioni watu wamepungua. Si kazi. Kazi nimepata, ingawa kwanza nilipalilia na baba misimu miwili.

Jumatatu nilifika mapema. Mawingu ya vuli yalikuwa yametanda tangu alfajiri. Ndugu Hiza akanyoosha mkono kupokea bahasha.

"Nimekuja kuipiga hapa hapa," nikasema, "ukiniruhusu mashine yako."

Akafurahi, akadhani ni heshima. Nikakaa kwenye kile kiti chenye mto wa maua. Sijawahi kukalia kiti kizuri kama kile. Nikapiga polepole, ili kengele ilie mara nyingi. Tarehe. Jina lake. Kisha: "Yah: Neno Walihamishwa." Chini yake nikapiga mstari mmoja tu wa maneno, nikaichomoa karatasi, nikampa kwa mikono miwili.

Akasoma. Akasoma tena, miwani puani. Nje radi ikanguruma upande wa milimani, na Mzee Fabiani akaanza kufunga madirisha.

"Hii naweza kuichana," Ndugu Hiza akasema kwa sauti ya chini. "Wewe na mimi tu. Usiandike chochote. Sema kwa mdomo, hapa, neno moja, na kiti ni chako."

Tone la kwanza likapiga bati. Moyoni nikamwona baba akinitazama kutoka mbali, majembe mawili begani.

"Neno ni sahihi, Ndugu Hiza," nikasema. "Kwa kalamu wala kwa mdomo, siombi radhi."