Ubeti Usio na Ala

Kwaya yetu ya mtaa wa New Brighton hushuka. Tukiimba bila ala tunaanza vizuri, halafu taratibu tunateremka nusu toni bila kujijua. Nimeimba sauti ya pili miaka ishirini na mbili na sioni haya kulisema.

Nokwanele Ntshinga, mtunzi tunayemwita MaDlomo kwa ukoo wake, alilijua hilo. Alitumia miaka mitatu kutunga kazi kubwa ya orkestra na kwaya, na katikati akaweka ubeti wa kuimba peke yetu, ala zote kimya. Kwenye mazoezi tukashuka. Orkestra iliporudi, masikio yaliuma. Wapiga fidla wakacheka chini chini. Meneja wao, Bwana Visser, akataka ubeti ukatwe, au tushikiliwe na kinanda.

"Hakikatwi kitu," MaDlomo akasema. "Na kwaya yangu haishikwi mkono. Nitaishusha orkestra."

Kesho yake akawaletea wapiga ala karatasi mpya za nota. Kila nota ya baada ya ubeti ilikuwa nusu toni chini.

Sisi, badala ya kushukuru, tukanuna.

"Yaani aibu yetu ameiandika kabisa!" alifoka MaRhadebe, kiongozi wa sauti ya kwanza. "Jumamosi kwenye onyesho hatushuki, ng'o!"

"Tumwambie?" niliuliza.

"Umwambie ili iweje? Ana masikio, atasikia."

Tukacheka. Wajinga sisi.

Jumamosi ukumbi wa jiji ulifurika. MaDlomo alituongoza mwenyewe. Ubeti ulipofika ala zikanyamaza, na MaRhadebe akawa anagonga gotini chuma chake cha kupimia sauti, anakibana sikioni. Tukakaza. Hatukushuka hata chembe. Kwenye mstari wa mwisho ndipo akili ikanirudia: orkestra inatungoja huko chini! Miaka mitatu ya mtu tunaivunja kwa kiburi. Niliona aibu.

MaDlomo hakukunja hata uso. Alichora duara hewani kwa kidole, ishara inayojulikana na kila kwaya ya kanisa kwetu: rudieni. Tukarudia. Akachora tena. Watu wakaanza kusimama, akina mama wakapiga vigelegele, wanaume wa sauti ya nne wakaanza kuyumba. MaRhadebe akafumba macho, chuma kikamponyoka, na sote tukasahau kujikaza. Mara ya nne MaDlomo aliinamisha kichwa, akasikiliza, akainua mkono wa kushoto. Orkestra ikaingia, ikatukuta pale pale chini. Nililia huku naimba.

Nyuma ya jukwaa MaRhadebe alimfuata kichwa chini.

"MaDlomo, tulikusudia tusishuke. Tusamehe, mwenzetu."

"Nilisikia," alisema, anajifuta jasho. "Mlijitahidi kweli."

"Na kama tusingeshuka kabisa?"

"Mngeimba mpaka Jumatatu."