Maji Yaliyochacha

Samaki wa tatu alikufia mikononi mwa Bwana Uchibori, mchana kweupe, na bado mzee yule hakutaka kuonekana ameshindwa. Alimgeuza ubavu, akamgeuza tena, kisha akamlaza juu ya gazeti.

"Mlichelewa kuniita," alisema.

Kiyomi Yasuhara alimfunika samaki kwa pembe ya gazeti. Alikuwa fundi cherehani wa miaka hamsini na minane, na ranchu wale saba, samaki wa dhahabu wenye vichwa vya nundu na migongo isiyo na pezi, alikuwa amewalea tangu wakiwa mayai, ndani ya tangi la kioo kando ya meza yake ya kukatia vitambaa. Wawili walikuwa wamekufa wiki ile. Waliosalia walilala chini ya tangi, mapezi wameyabana, ngozi imefunikwa na ute mweupe. Gohei, kaka yake, ndiye aliyekwenda kumwita Uchibori, mwenyekiti wa chama cha wafugaji wa ranchu, ambaye hapa Koriyama, mji wa Japani wa wafuga samaki, neno lake halipingwi. Uchibori alitazama tangi, akacheka puani, akamchota samaki mmoja na kumtupia katika beseni la maji mapya. Hata saa mbili hazikupita.

"Maji yako ni machafu, Bi Kiyomi. Mwaga yote, sugua kioo, jaza mapya. Au nipe hao wanne niondoke nao. Ranchu hawafugwi baina ya pindo na vifungo."

"Walikuwa wagonjwa," Kiyomi alisema polepole, "lakini huyu alikuwa hai mpaka ulipomhamisha."

"Kiyomi!" Gohei alimkemea. "Unaongea na nani hivyo?"

"Na mwenye beseni, kaka."

Walipoondoka, Kiyomi alipanda baiskeli hadi dukani, akanunua kichupa cha dawa ya kupimia pH, yaani ukali wa maji. Saba ni katikati. Chini yake maji yanaelekea kwenye siki, juu yake yanaelekea kwenye magadi. Alidondosha matone katika maji ya bomba, yakawa na rangi ya majani mabichi: saba na nusu. Akadondosha katika maji ya tangi. Yakawa ya njano kama limau, chini kabisa ya kadi ya rangi. Tano na nusu.

Alikunjua karatasi iliyokuja na kichupa. Maelezo yake yalikuwa wazi kuliko ya watu. Vijidudu vya chujio huila taka ya samaki, na kazi hiyo huzalisha asidi. Asidi nayo hula chokaa iliyomo majini, na chokaa ikiisha, maji huchacha. Kwa mwaka na nusu Kiyomi hakuwa amebadilisha maji. Alikuwa akiongeza tu yaliyopungua kwa jua, kwa kuwa chamani walisema ranchu hupenda maji ya zamani. Miaka thelathini hakuwahi kukata kitambaa cha mteja kwa kukisia. Kwa nini basi aliwakisia hawa? Aibu ilimpanda, kisha ikageuka kitu kigumu zaidi, kitu kilichomnyoosha mgongo.

Maana sasa alielewa pia lile beseni. Kutoka tano na nusu hadi saba na nusu si hatua mbili. Ni ukali kupungua mara mia kwa pigo moja. Na angemwaga sehemu kubwa ya maji na kujaza mapya, taka iliyolala ndani ya maji yale makali ingegeuka sumu papo hapo.

Akaanza. Jagi moja la maji mapya asubuhi, jagi moja jioni, akitoa kiasi kilekile. Alivunja maganda ya chaza, akayafunga katika kipande cha chandarua na kuyatia ndani ya chujio yayeyuke taratibu. Chakula akakisitisha, ili taka isizidi.

Siku ya tano samaki mwingine alikufa, na siku hiyohiyo Gohei akaingia na ndoo.

"Bwana Uchibori anawataka. Usinitie aibu, Kiyomi. Unawaua kwa njaa, na maji yenyewe unayapima kwa jagi kama mchuzi!"

"Jana yalikuwa sita. Leo sita na robo."

"Namba zimekufufulia nani?"

Swali lilimchoma. Aliweka mkono juu ya kifuniko cha tangi, akauacha pale.

"Hawatoki, kaka. Wakifa, watafia kwangu, na nitajua kwa nini. Chukua ndoo yako, mlango ule pale."

Gohei alimtazama kama mtu aliyekosea nyumba, akatoka.

Siku ya kumi na mbili matone yaligeuka kijani. Wale watatu walipanda juu, wakafungua vinywa vyao kwa kelele ndogo ya kunyonya hewa, wakidai kula. Mmoja mkia wake ulikuwa umeliwa na ugonjwa hadi nusu. Kiyomi alicheka mwenyewe chumbani, kisha akagundua kwamba analia.

Mwezi Oktoba alimpeleka huyohuyo wa mkia mbovu kwenye maonyesho ya chama. Watu walizunguka beseni lake jeupe wakinong'ona. Uchibori aliinama, akatazama kwa muda uliozidi kidogo ule uliohitajika. Waamuzi walipomaliza, karani wa chama alivuta karatasi, akachovya brashi.

"Nafasi ya mwisho," alisema kwa huruma. "Nitaandika tu 'wa familia ya Bwana Gohei', isije ikakuaibisha."

"Andika jina langu, Kiyomi Yasuhara," alisema. "Herufi kubwa."

Karani akamtazama Uchibori. Uchibori akatazama maji. Karani akaandika herufi ya kwanza.

"Kubwa zaidi ya hiyo," alisema Kiyomi.