Mgongo wa Mzee Ramani

Mume wangu hudai kwamba nikikutana na mtu njiani husalimia viwiko kabla ya uso. Sibishi. Daktari wa ngozi huishi kwa kuangalia, na mimi nimezeekea kwenye magonjwa yale mabaya, yanayoivimbisha ngozi na kuibandua magamba. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga. Kwa wagonjwa wangu kimepita hata nguo. Kinga ya mwili, iliyowekwa kuilinda nyumba, inaigeukia na kuitia moto. Kwa nini? Swali hilo limekula ujana wangu wote maabara, nami sijutii.

Mzee Ramani alijipa jina hilo mwenyewe, kwa mabaka yaliyotanda mgongoni mwake kama nchi na visiwa. Alikuwa mwoka mikate, akaacha kuoka kwa sababu wateja waliiogopa mikono yake. Hilo alilimeza. Lililomshinda ni mjukuu: alizaliwa, naye hakuthubutu kumpakata.

"Ugonjwa huu hauambukizi," nilimwambia.

"Mimi najua, daktari. Mwambie mkwe wangu. Akiniona namsogelea mtoto, anamnyakua na kutoka, eti amekumbuka nguo za kuanua."

"Vumilia, mzee. Mvumilivu hula mbivu."

"Zangu zimeshaoza. Nichomeni hiyo sindano yenu mpya. Ikishindwa, hapa sirudi tena."

Sindano hiyo ndiyo tuliyokuwa tukiifanyia utafiti. Alipochomwa ya kwanza, mimi nikaenda kupasuliwa goti. Nilikaa nyumbani miezi, nikimuwaza yeye kuliko goti.

Siku niliyorejea kazini niliingia na fimbo yangu na hasira zangu, nikakuta chumbani mwangu mwanamume wa shati la mikono mifupi, amempakata mtoto.

"Baba, kliniki ya watoto ni mlango unaofuata."

"Mtoto hana neno."

"Basi mgonjwa nani?"

"Mimi."

Nikamkagua viwiko, vidole, kucha. Safi. Nikapanda mori.

"Wewe? Watu wamejaa hapo nje wanajikuna mpaka damu, wewe umekuja kunionyesha ngozi?"

Muuguzi aligeukia ukutani, mabega yakimtikisika kwa kicheko. Yule mtu akampa mtoto amshikie, akafungua vifungo vya shati, akanigeuzia mgongo. Magamba hayakuwapo tena. Vilibaki vivuli hafifu tu. Lakini vivuli vile nilivijua kuliko njia ya kwenda kwangu: kisiwa kirefu chini ya bega, na viwili vidogo karibu na kiuno.

"Mzee Ramani!"

"Nilidhani wamekupasua goti, kumbe na kichwa."

Nililia, sifichi. Kisha nikajikaza, nikamwonya kwamba ugonjwa umelala tu, haujafa, na ole wake aache sindano. Akaitikia, akampokea mjukuu wake, akacheka.

Ndipo nikamtazama usoni. Kumbe mzee ana mwanya.