Robo ya Mungu

Uwanja ukiwa na watu, mpira hausikiki. Jumapili ile ulisikika. Kila teke lilikwenda likagonga ukuta wa jukwaa, likarudi, na Monjia, ndani ya kibanda chake cha tiketi langoni, aliweza kujua bila kuinua macho ni nani kapiga: teke zito la beki, au teke kavu la Anis, mshambuliaji, ambaye siku za kazi aliosha madini ya fosfati mgodini na Jumapili akaifungia Ain Remla mabao. Aliwasikia hata wachezaji wakitukanana. Miaka yote aliyokaa pale langoni hakujua kuwa wanatukanana kiasi kile.

Tiketi mpya zilikuwa mbele yake, bado zimefungwa kwa utepe wake wa karatasi. Dinari tano. Msimu uliopita zilikuwa mbili. Waliozinunua ni baba wa kipa wa wageni na wenzake wachache waliokuja kwa basi la timu, nao wamejikunja pembeni mwa jukwaa kama watu waliokosea nyumba. Katikati ya saruji tupu, juu ya mto aliokuja nao kutoka nyumbani, alikaa Bwana Ghazi wa manispaa.

Huyo ndiye aliyekuwa akingojewa. Manispaa ilikuwa na mpango wa kuugeuza uwanja kuwa maegesho ya malori ya fosfati. Mwenyekiti wa klabu, Bwana Taufiki, muuza matairi, alilia kila ofisi, na hatimaye akakubaliwa jambo moja: atumwe mtu aje aone kwa macho yake kama uwanja ule bado una watu.

"Watu wapo," Taufiki alikuwa amemwambia Monjia wiki hiyo. "Ila wamezoea vya bure. Mji mkuu wanalipa zaidi ya hizi tano na bado wanasukumana mlangoni."

"Kule wanawalipia wachezaji wa televisheni, Mwenyekiti. Sisi tuna Anis."

"Anis ana ubaya gani?"

"Hana. Ndiyo maana watu wanamngojea robo."

Robo hiyo ilianza zamani, wakati lango likiwa mikononi mwa Lazhar, mumewe Monjia, Mungu amrehemu. Zikibaki dakika kumi na tano mechi iishe, Lazhar alifungua mabawa yote mawili ya lango, akasogea kando, akatazama juu kama mtu anayekagua mawingu. Waliokuwa nje wakaingia bila kuulizwa: wachimbaji waliostaafu na vifua vyao vilivyojaa vumbi, vijana wasio na kazi, baba wenye watoto wengi kuliko mifuko. Mji mzima uliiita robo ya Mungu. Mabao mengi ya Ain Remla yalifungwa ndani ya robo hiyo, na hakuna aliyehitaji kuelezwa sababu.

Bei ilipopanda, waliokuwa wakilipa nao wakahamia kwenye robo. Ndipo Taufiki akaipiga marufuku. Ijumaa, watu wakitoka msikitini, alipita mjini na gari lenye kipaza sauti akitangaza kuwa lango halitafunguliwa tena kwa mtu asiye na tiketi, na kwamba anayengoja robo ni mwizi wa jasho la vijana wetu.

Monjia aliisikia sauti ile kutoka jikoni kwake na moyoni akaiunga mkono. Alikuwa amewachoka. Kila Jumapili aliwaona wamejipanga juu ya kile kilima cha kijivu cha taka za mgodi, ng'ambo ya ukuta, wakitafuna mbegu za alizeti na kutazama nusu ya uwanja inayoonekana kutoka kule. Watu hao hao jioni ungewakuta mkahawani, kikombe kimoja cha kahawa mechi nzima, macho kwenye timu za Uhispania. Huko wana pesa, alijisemea. Huko hawangoji robo.

Mapumziko yalipofika, Taufiki alikuja dirishani. Shati lilikuwa limemganda mgongoni ijapokuwa upepo ulikuwa wa baridi.

"Vipi?"

"Hao hao uliowaona."

"Watakuja. Wakishaona lango halifunguki, watakuja."

"Wamekuja tangu mwanzo, Mwenyekiti. Inua kichwa."

Aliinua. Kilima kilikuwa kimejaa. Hakikuwahi kujaa hivyo hata siku ya mechi ya kombe. Wamesimama bega kwa bega, makofia na mabarnusi, yale majoho ya sufi, kimya, wakilitazama jukwaa tupu ambalo wangetosha kulijaza. Na ndani ya jukwaa hilo Bwana Ghazi alikuwa akifungua kalamu yake.

 Monjia alimtazama Taufiki, mtu aliyezoea kusema, akaona midomo yake imekauka, akamhurumia. Hakuomba ruhusa. Alichukua ufunguo, akalifungua lango, bawa la kwanza, kisha la pili, akaliegemeza kwa jiwe ili upepo usilirudishe. Halafu akatoka, akavuka barabara, akasimama chini ya kilima.

"Ammar," aliita.

Ammar kinyozi alishuka hatua chache, mikono mfukoni. Alikuwa rafiki wa marehemu, na ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo jukwaani.

"Naam, shemeji."

"Ingieni."

"Robo haijafika."

"Leo ni nusu nzima. Ingieni wote, hakuna tiketi. Kuna mtu wa manispaa ndani, amekuja kutazama kama tuna watu. Akiandika hakuna, uwanja unakuwa wa malori."

Ammar aligeuka akawatazama wenzake. Habari ilipanda kilima kwa kunong'onezwa, na Monjia akaiona ikipita usoni kwa kila mmoja. Lakini hakuna mguu ulioinuka.

"Mnasubiri mbeleko?"

"Shemeji, hatuwezi."

"Mnaona aibu? Mimi nitafumba macho kama alivyofanya Lazhar."

"Si aibu." Ammar alivua kofia yake, akaivaa tena. "Ijumaa lile gari lilipita mbele ya mkahawa likituita wezi. Mimi damu ilinipanda. Nikaapa mbele ya watu: mke wangu haramu kwangu nikitia mguu uwanjani Jumapili hii, kwa pesa au kwa bure. Na hawa nao wakaapa."

"Wote?"

"Wote waliokuwepo. Na ambao hawakuwepo waliletewa habari, wakaapia nyumbani."

"Mpaka mbele ya wake zenu," alisema Monjia.

"Wangu alisema afadhali," sauti ilitoka juu, na baadhi wakacheka, kicheko kifupi kilichokufa chenyewe.

"Mwadhini si yupo hapo? Si awatafutie njia? Mtu hulisha maskini, kiapo kikaisha."

Mwadhini, mzee mwembamba wa miwani, alikuwa nyuma ya Ammar. "Cha kulisha maskini ni kiapo cha kawaida, binti yangu," alisema polepole. "Hiki kimegusa ndoa. Hapo anatakiwa mufti, na mufti yuko mbali, Gafsa."

"Basi ingia wewe peke yako, tupate hata mmoja."

Mzee aliinamisha kichwa. "Mimi niliapa wa pili."

Taufiki alikuwa amefika. Alisimama kando ya Monjia, akapandisha macho kilimani, na kwa mara ya kwanza akazungumza nao bila kipaza sauti.

"Nilikosa," alisema. "Nilikosa, jamani. Hakuna mwizi hapa. Mwizi ni mimi niliyeweka tano. Ingieni, nawaomba."

"Tumekusamehe, Mwenyekiti," Ammar alijibu, na ilisikika kuwa ni kweli. "Wallahi kinyongo hatuna. Ungesema hivyo Ijumaa, leo ningekuwa nimeshapasuka koo humo ndani. Lakini kuingia, hatuingii."

Ndani, mwamuzi akapuliza filimbi ya kipindi cha pili.

Monjia alirudi. Alipita kibandani, akafungua utepe, akachana tiketi moja, akaweka dinari tano zake mwenyewe ndani ya sanduku. Kisha akapanda jukwaani. Hakuwahi kuketi pale. Alikuwa ameijua kila mechi kwa mgongo, akitazama barabara. Saruji ilikuwa ya baridi, ikapenya kanzu, na uwanja ukaonekana mkubwa kuliko alivyoudhania, na vijana wadogo kuliko walivyoonekana walipokuwa wakimpita langoni.

Bwana Ghazi alimwamkia kwa kichwa. "Ni timu nzuri," alisema. "Inasikitisha."

"Watu wetu wale pale, bwana. Wanaonekana."

"Nawaona, mama. Wanapendeza. Lakini nimetumwa kutazama jukwaa. Kilima ni cha mgodi." Alisema hivyo bila ubaya, kama daktari anayemwonyesha mtu picha ya pafu lake.

Mechi ilikuwa imechelewa kuanza kwa sababu bila gari la wagonjwa haichezwi, na gari lilichelewa kufika. Kwa hiyo jua lilikuwa limeshainama robo ilipoingia. Na katika robo hiyo, kama kawaida yake, Anis aliupokea mpira kifuani, akamgeukia beki, akapiga. Nyavu zikatikisika. Monjia alisimama, akafungua mdomo, akaufunga. Sauti ya mtu mmoja katika jukwaa lile ingekuwa kama kupiga vigelegele kwenye nyumba isiyo na harusi.

Ndipo mvumo ukaja kutoka nje, juu ya ukuta, mzito, ukaujaza uwanja wote. Anis, aliyekuwa ameanza kukimbilia jukwaani kwa mazoea, alisimama, akageuka, akakimbia upande wa pili, akapiga magoti akiukabili ukuta. Wenzake wakamfuata. Walishangilia wakiwa wameligeuzia jukwaa mgongo.

Bwana Ghazi aliuangalia mto wake, akauangalia ukuta. Kisha akaandika mstari mmoja, akaifunga kalamu. Filimbi ya mwisho ilipolia alimpa mkono Taufiki, akampa na Monjia, akatoka kupitia lango lililo wazi. Wanaume waliokuwa wameshuka kilimani walimpisha kwa heshima, na mmoja alimfungulia mlango wa gari.

Monjia alibaki jukwaani. Wageni walikwisha kuondoka. Taufiki alikuwa amekaa kibandani, kwenye kiti chake Monjia, akitazama barabara. Kutoka mnarani, adhana ya magharibi ikaanza, na sauti ya mwadhini ilikuwa na pumzi za mtu aliyefika huko mbio. Jumapili ikawa imekwisha, na kiapo pamoja nayo; siku nyingine imeingia.

Monjia aliwasikia kabla ya kuwaona. Walikuwa wanaingia. Ammar mbele, kofia mkononi, wengine nyuma yake, polepole, kama wanavyoingia msibani. Hakuna aliyeuliza tiketi ni kiasi gani. Walipanda, kila mmoja akaenda mahali pake pa siku zote, wakasogeana, wakaketi, mpaka saruji haikuonekana tena.

Anis na wenzake walitoka kuoga, ndara miguuni, taulo shingoni. Walipoliona jukwaa walisimama palepale kwenye mstari wa uwanja, hawajui waende mbele au warudi. Giza lilikuwa likishuka juu ya majani, na hakukuwa na mpira.

"Shemeji," Ammar alinong'ona, akimsogelea Monjia ili mtu mwingine apate nafasi, "hebu sogea kidogo."

Monjia alisogea.