Neno Chanya

Kwenye maabara yetu chanya ni neno baya. Tunalitamka kwa sauti ya chini, kisha tunaangalia pembeni. Nje ya mlango ule, hasa redioni asubuhi, chanya ni neno tamu: fikra chanya, mtazamo chanya. Nilijua hayo yote, na bado mdomo ukaniponza.

Mkojo niliopewa kupima siku hiyo ulikuwa wa baba mdogo, fundi cherehani aliyenilea. Mwaka uliopita alitolewa uvimbe wa saratani kwenye kibofu, na daktari akamuaga kwa kumwambia awe na mtazamo chanya. Akaling'ang'ania neno hilo kuliko hata vidonge. Sasa tulikuwa tunapima seli zinazobanduka kibofuni na kutoka na mkojo. Tunazipaka dawa, zenye alama ya hatari hugeuka kahawia. Alama haisemi kwamba uvimbe umerudi. Inasema una nia ya kurudi, na mwenyewe awahi kuangaliwa kwa kamera. Niliinamia darubini nikaona kahawia kila mahali.

Majibu hutolewa na daktari, si sisi. Lakini kiherehere kilinishika, nikampigia simu palepale, mkono mmoja bado una glavu.

"Baba mdogo, kipimo kimetoka chanya."

"Chanya!" Alipiga kelele mpaka nikaisogeza simu mbali na sikio. "Mke wangu, njoo usikie! Bi Darubini anasema chanya! Si nilikuambia?"

Nikamsikia mama mdogo akilia kwa furaha. "Ahsante, mwanangu. Ahsante sana."

Hapo ndipo palikuwa pa kusema. Badala yake nikajibu, "Haya, tutaongea," nikakata simu. Nikajidanganya kwamba daktari atamweleza vizuri zaidi siku yake ya kliniki. Mwoga mkubwa mimi.

Jumamosi mchana, dhamiri ikinisuta, nikaenda kwao. Nilimkuta sebuleni anashona, futi shingoni, amechangamka kama bwana harusi.

"Kliniki nimewaambia nafasi yangu wampe mwingine," akasema kabla sijakaa. "Kamera ile! Mtu mzima unavuliwa suruali, unapitishiwa mpira mahali ambapo hata mkeo hupiga hodi kwanza. Sasa niende kutafuta nini?"

Nilitaka kucheka, nikakumbuka kilichonileta. Kumbe kimya changu kilikuwa kimeshamfungia mlango.

"Baba mdogo, simamisha cherehani kidogo."

Akasimamisha. Nikamwambia kwamba kwetu chanya maana yake alama ya hatari imeonekana, kwamba saratani inaweza kurudi, na kwamba kamera ile ndiyo ya kuiwahi. Nilisema haraka haraka, macho yangu kwenye kitambaa. Alikuwa anashona gauni la mama mdogo, la kwendea matembezi.

"Kwa hiyo nilipokuwa nashangilia, wewe ulikuwa unajua?"

"Nilijua."

"Ukaniacha."

"Nilikuacha. Nisamehe, baba mdogo. Nilishindwa kukukatiza."

Alichomoa sindano kwenye kitambaa polepole, akaichomeka kwenye kola ya shati lake. Nilitamani anifokee. Baba mdogo anapofoka yanaisha.

"Kliniki nitakwenda," akasema. "Utawapigia mwenyewe wanirudishie nafasi yangu."

"Nitawapigia sasa hivi."

"Subiri." Alielekeza kidole kwenye mlango wa chumbani. Mama mdogo alikuwa anakoroma huko ndani, mkoromo mzito wa mtu aliyechoka. "Unamsikia? Tangu nipasuliwe alikuwa halali. Kila nikienda chooni usiku, anainuka kitandani anasikiliza. Siku uliyopiga simu ndiyo alianza kulala, na mpaka leo analala kama mtoto."

Akavua futi shingoni, akalikunja, akaliweka juu ya gauni.

"Mimi siwezi," akasema. "Nenda kamwamshe wewe."

Nikaenda. Nilisimama mlangoni, mkono umeinuka kugonga, nikamwacha akorome kidogo tena.